Nilidhani Anasusa

Mimi ni mtu wa Tanga, ingawa kwa miaka kadhaa sasa naishi Minneapolis, Marekani, na kazi yangu ni ya usiku, ghalani. Nataka kukusimulia habari za chatu aliyekataa kula, kwa sababu kupitia kwake nilijijua, na sikupenda nilichokiona.

Shaba niliachiwa na mfanyakazi mwenzangu aliyehamia jimbo jingine. Ni chatu wa wale wadogo wa Afrika Magharibi, wasio na sumu, ambao wakiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Nilipopanga hawaruhusu mbwa wala paka, na upweke ulikuwa umenizidi, basi nikampokea. Alizoea kulishwa panya hai, wale wadogo. Mimi sikuweza kuvumilia kuwaona wakihangaika mle bokisini, tena niliambiwa panya hai huweza kumng'ata chatu akamjeruhi vibaya. Nikanunua panya wakubwa waliogandishwa.

Shaba hakula.

Kwetu mtoto akisusa hakubembelezwa. Chakula kilifunikwa kawa, na njaa ikimrudisha anakikuta kilekile. Nililelewa hivyo, na niliposhika nafasi ya baba nikawalea wadogo zangu hivyohivyo, kwa mkono mzito kuliko wake. Basi nikamfanyia Shaba yaleyale. Kila siku nilimwekea panya, na kila siku nilimtoa vilevile alivyo. Nikakasirika. Nikawa namtoa bokisini na kumsukumizia panya mdomoni. Mara moja nilijaribu hata kumpanua kinywa kwa vidole. Naye alijiviringa tu. Nilimwambia kwa sauti, kana kwamba anasikia Kiswahili: "Utakula tu."

Baridi ikaingia. Ngozi yake ikalegea, mfupa wa mgongo ukaanza kuonekana. Hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka hofu, nikampeleka kwa daktari wa wanyama, mama wa makamo.

Hakunigombeza. Aliniuliza maswali tu. Bokisi lina joto kiasi gani? Sikuwa na kipimajoto. Panya namyeyushaje? Namweka kwenye sinki. Nje analainika, ndani bado barafu. Namshikashika mara ngapi? Kila siku. Kisha akanieleza kwamba chatu huyu ana vitundu kwenye midomo vinavyohisi joto. Kwake chakula ni kitu chenye joto na harufu anayoijua. Mimi nilimpa kitu cha baridi chenye harufu ngeni. Tena mwili wake hautengenezi joto la kutosha. Bokisi likiwa baridi, hata akimeza, chakula hakisagiki vizuri. Na kwa kumsumbua kila siku, nilimfanya ashinde akijificha.

"Hakukatalii," alisema. "Hajajua kwamba hicho ni chakula."

Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Nilinunua vipimajoto, nikaweka upande mmoja wa bokisi nyuzi 32 hivi na mwingine 26, na maficho pande zote mbili. Nikarudi kwenye panya wadogo, waliogandishwa. Nilimwacha panya ayeyuke kwenye friji, kisha nikamtia kwenye mfuko wa plastiki na kumzamisha katika maji ya moto mpaka apate joto la mnyama aliye hai. Jioni nilimshika kwa koleo na kumsogeza taratibu.

Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kuacha. Akikataa, niliagizwa nisimguse wala nisimjaribu tena mpaka wiki ipite. Daktari alisema chatu mzima huweza kukaa miezi bila kula. Cha kuangalia ni uzito. Nikawa nampima kwa mizani ya jikoni. Alikataa tena, na tena. Mikono iliniwasha. Usiku mmoja nilishindwa, nikamtoa, nikampigia daktari nikiwa na aibu. Alipokea, akanituliza, wala hakunidai chochote.

Kisha jioni moja Shaba alitoa kichwa mafichoni, akachezesha ulimi, akamkamata panya na kujizungusha. Nililia. Nilikuwa nimemtesa kiumbe huyu, naye hakuwahi hata mara moja kuning'ata.

Katika kulia huko nilimkumbuka mdogo wangu. Aliacha masomo niliyomchagulia, nami nikamkatia fedha, nikingoja njaa imrudishe. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilimpigia nikitarajia asipokee. Alipokea, akasema, "Shikamoo kaka. Huko baridi inakutendaje?" Nilishindwa kujibu. Sikustahili ile shikamoo.

Sijapona kabisa. Shaba sasa anakula panya wakubwa, baada ya kuwapaka harufu ya matandiko ya panya wadogo, lakini msimu wa baridi hufunga tena, na ule mkono mzito hunirudia. Namshukuru Mungu kwamba sasa nautambua unapokuja.

Huenda nawe una mtu au mnyama anayekataa unachompa, na umeshaamua kuwa ni kiburi. Kama ni chatu, pima joto, mpe nafasi, fuatilia uzito, na akizidi kukonda usichelewe kwa daktari kama mimi. Kama ni mtu, muulize kabla hujamnyima.