Bagamoyo kwa baiskeli? Cheza na kusi uone!

Alfajiri ya Jumapili pale Mwenge utawakuta washikaji wameshajipanga na baiskeli zao. Hakuna anayelipwa kukanyaga pedali. Huyu karani, yule fundi umeme, mwingine ana duka Kariakoo. Safari ni Bagamoyo, kama kilomita 70 toka katikati ya Dar.

Mpaka Tegeta kazi ni kukwepa daladala, halafu yanaanza malori ya saruji ya Wazo Hill. Hapo hakuna utani, kaa pembeni. Ukipita Bunju unapata nafasi ya kupumua, ila vilima vya Mapinga vitakuuliza jana usiku ulikuwa wapi.

Balaa hasa ni upepo. Kuanzia Juni kusi inakusukuma mgongoni hadi Zinga, unajiona bingwa wa dunia. Wageni hunaswa hapo! Wanamaliza pumzi kwenda, wanapiga picha kwenye magofu ya Kaole, wakigeuza wanakutana na upepo uleule usoni na jua la saa sita utosini. Wazoefu huenda taratibu, wanakunywa supu, wanarudi kwa zamu: mmoja mbele anakata upepo, wenzake wamejificha nyuma yake. Anayejidai peke yake hurudi na basi, baiskeli juu ya keria. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ni kinyume chake, unateseka kwenda, unateleza kurudi.

Masika mashimo hujaa maji, huoni kina. Baiskeli zinawekwa ndani, cheni inalowekwa mafuta ya taa, watu wanahamia kwenye mpira wa mchangani Coco Beach. Na vitambi navyo vinaanza kuota, wee acha tu.