Kutoka Issuna hadi Mbudya: siku watoto walipoona jiwe lililo hai

Issuna haina bahari. Ukisimama kando ya barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida unaona mawe makubwa, alizeti na mifugo. Maji mengi ambayo watoto wetu wanayajua ni ya lambo wakati wa mvua, au Ziwa Singidani wakienda mjini. Ndiyo maana mwanangu wa darasa la tano aliposoma habari za matumbawe aliniuliza, "Mama, hilo ni jiwe au mnyama?" Sikuwa na jibu.

Likizo ya Desemba tulikwenda kulitafuta. Tulipanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa ufukwe wa Coco. Maji yalikuwa yamekupwa sana na mwamba umeachwa wazi. Tulitembea juu yake tukichungulia vidimbwi: kaa wadogo, jongoo bahari, na kiti cha pweza mwekundu ambaye binti yangu wa miaka saba hakutaka kumwacha. Tukasahau saa.

Mzee mmoja aliyekuwa akitafuta pweza alipaza sauti: "Mama, rudisha watoto! Maji yanajaa!" Nilipogeuka, mkondo tuliouvuka miguu ikiwa mikavu ulikuwa umejaa nyuma yetu. Bahari haikuja kwa kishindo, ilipita kimya kando yetu. Nilimbeba binti mgongoni, kaka yake nikamshika mkono, maji yakamfika kifuani. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea.

Ufukweni mzee hakunigombeza. Alinieleza kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: yanakwenda mbali sana na kurudi kwa nguvu. "Uliza saa ya maji kwanza," alisema, "kama unavyouliza saa ya basi."

Siku iliyofuata tuliuliza. Tulivuka kwa boti kutoka Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya, ambacho pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975. Watoto walivaa maboya kifuani, miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakaingia kutoka ufukweni na kijana wa boti, mimi nikiwa kando yao kwenye maji ya kiuno.

Mwanangu aliinua kichwa akipiga kelele: "Mama, ni mnyama!" Yuko sahihi. Tumbawe ni maelfu ya wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo sana inayowalisha na kuwapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi mimea hiyo hutoka, tumbawe linabaki jeupe, na hali ikidumu linakufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika maeneo mengi ya pwani yetu. Baruti za wavuvi haramu nazo zimevunja mengine mengi.

Mzazi, ukipanga safari hii kumbuka:

- Uliza saa za maji kwa wavuvi kabla ya kukanyaga mwamba, na geuka kabla maji hayajageuka.
- Boya ni la kila mtoto, hata anayesema anajua kuogelea.
- Vaeni viatu vya maji. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na samaki anayefanana na jiwe mwenye sumu.
- Msisimame juu ya matumbawe wala kuyashika. Kiti cha pweza abaki majini.

Tumerudi Issuna. Juzi nilimkuta binti yangu amesimama mbele ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akiwaeleza wenzake kwamba hili limelala tu, ila baharini kuna mengine yanakula. Na kwamba kabla ya kwenda kuyaona, lazima umuulize mzee saa ya maji.