Ujuaji wangu ulivyomvunja mkono mtoto wa kaka!

Leo naweka kando habari za kumbi na za wapendanao. Nataka nikusimulie kisa kilichonipata Unyamwezini, yaani Marekani, ambako mtoto wa Dar kama mimi niligeuka fundi wa vyombo vya theluji. Cheka tu, lakini ujue katikati kuna kilio.

Kaka yangu mkubwa anaishi Grand Rapids, jimbo la Michigan. Aliona nimemaliza kidato cha nne siku nyingi na bado naandika andika tu magazetini, akanialika nikae naye miezi sita, kuanzia Oktoba mpaka Machi. Viza ilikuwa ya kutembea, si ya kazi. Kwa hiyo nikawa mtu wa kupika, kufagia na kumpokea dogo wake wa miaka kumi akitoka shule. Dogo huyo ananiita Ba'mdogo, na nikisema jambo kwake limekwisha, hakuna cha kuuliza.

Mji ule si mgeni kihivyo kwa Mswahili. Wamo Wakongo wengi waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao, na Kiswahili unakisikia kwenye basi na kwenye ngazi za nyumba. Jirani yetu wa chini alikuwa mzee wa Bukavu, fundi seremala aliyestaafu. Wote tulimwita Papa.

Novemba theluji ikaanza, tena si kidogo! Upepo unatoka magharibi, unapita juu ya Ziwa Michigan ambalo bado lina joto, unazoa unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga wote kama theluji. Unaamka asubuhi, magari yamegeuka vichuguu.

Karibu na kwa kaka kuna mteremko wa wazi ambapo watoto huteleza kwa sahani za plastiki. Shida ya sahani hizo ni kwamba ukishaondoka juu, mwenye amri si wewe tena. Unazunguka kama pia, unakwenda inakotaka yenyewe. Dogo alitamani ubao wa kusimama, ule unaouelekeza unakotaka, lakini mpya dukani ni mamia ya dola. Tena kaka anakaa ghorofa ya tatu, chumba kidogo, na kwenda mteremko mkubwa ni kwa basi. Nikamwambia, "Tulia, Ba'mdogo wako atakutengenezea ubao unaokunjika, unaingia kwenye begi la shule!"

Usidhani nilibuni hewani. Nilikwenda maktaba, nikakuta kumbe mambo haya yalianzia jirani kabisa, Muskegon, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka tulipokuwa. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1965, baba mmoja aitwaye Sherman Poppen alitaka watoto wake wa kike watoke nje wakacheze. Akachukua mbao mbili za skii, akaziunganisha zikawa kitu kimoja, watoto wakasimama juu yake na kuteremka. Mkewe, Nancy, akakipa jina la Snurfer. Baadaye Poppen akaweka kamba kwenye pua ya ubao, mtu aishike na kuuelekeza. Kampuni ya Brunswick ikautengeneza kwa wingi, na mwaka 1968 Poppen akapewa haki miliki yake. Leo mjini Muskegon pana sanamu ya shaba ya kukumbuka ubao huo.

Kijana Jake Burton Carpenter aliukulia ubao huo. Mwaka 1977 akaanza kutengeneza wa kwake huko Vermont. Mwaka 1979 alikuja kwenye mashindano ya Snurfer palepale karibu na Grand Rapids, akiwa na ubao wenye mikanda ya kufunga miguu. Washindani wakalalamika kwamba si haki, ikabidi waandaaji wamfungulie daraja lake peke yake, akashinda! Miaka 19 baadaye, mwaka 1998, mchezo huo ukaingia kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani.

Kwa habari hizo, msomaji wangu, kichwa kikanivimba. Nikajisemea kama baba mmoja aliweza kwa mbao mbili na mikono yake, mimi nina upungufu gani?

Nikanunua plaiwudi. Nikakata ubao wa sentimita 120, pua nikaikunja kwa mvuke wa sufuria mpaka shemeji akalalamikia jiko lake. Kisha nikaukata katikati, kwa upana, vikawa vipande viwili. Juu nikatia bawaba mbili, pembeni komeo mbili za kuushikilia ukiwa wazi. Kamba puani, nta ya mshumaa chini, kipande cha zulia juu miguu isiteleze. Ukiukunja, nyuso za juu zinakutana kama kitabu. Bomba kweli!

Nikampelekea Papa aone. Aliugeuza, akabonyeza katikati kwa dole gumba, akanirudishia.

"Mutoto yangu," akasema, "hii kitu iko muzuri kwa macho. Lakini itavunjika hapa katikati. Mutu anasimama wapi? Si hapa?"

Nikamjibu kwa adabu, "Asante Papa," na moyoni nikasema wazee bwana, kila kitu kwao kibaya.

Nikaujaribu mwenyewe mara moja. Mara moja tu! Theluji ilikuwa laini, mteremko mfupi, nikashuka taratibu nikiegemea vidole ubao unakwenda huku, nikiegemea visigino unakwenda kule. Nikatangaza umepasi.

Jumamosi iliyofuata nikampandisha dogo kule juu kwenyewe. Kofia ngumu alivaa, hilo shemeji alilisimamia. Alishuka vizuri, kamba mkononi, anapiga kelele za furaha. Chini kidogo pana kibonde kama mtaro. Ubao ulipofika pale, pua ikashika ukingo wa mbele na mkia ukashika wa nyuma, katikati kukabaki hewa. Uzito wa mtoto ukasukuma chini, na pale katikati hapakuwa na ubao, palikuwa na bawaba. Bawaba yenyewe ndiyo kazi yake, kukunja! Kilichokuwa kinazuia ni zile komeo mbili na skrubu zake ndogo. Ziling'oka kama meno ya maziwa. Ubao ukafunga na dogo akarushwa mbele.

Nilimkuta amekaa kwenye theluji, kimya, ameshika mkono wake wa kushoto. Hakulia mpaka aliponiona mimi nalia.

Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiwiko cha mkono, akafungwa plasta wiki sita. Bima ililipa sehemu, iliyobaki kaka akakubaliana na hospitali awe anakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Shemeji alinisemesha siku ileile, tena kwa sauti, nikashukuru. Kaka hakunisemesha. Anakwenda kazini, anarudi, anasalimia, analala. Kasheshe la kimya ni baya kuliko la makelele.

Siku ya tatu akaja jikoni, nikiwa namenya viazi.

"Papa alikwambia au hakukwambia?" akauliza.

"Aliniambia, kaka."

"Basi. Ungekuwa hukujua, ningekusamehe palepale. Ulijua, ukampandisha mwanangu badala yako."

Akaondoka. Mpenzi msomaji, nimewahi kufeli mitihani na nimewahi kuachwa na demu hadharani. Hakuna lililonichoma kama maneno yale, kwa sababu yalikuwa kweli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini msemo haukuniambia kwamba mwenye masikio mazito naweza kuwa mimi, na wa kuvunjika akawa mtoto asiye na kosa.

Nikashuka kwa Papa kuomba radhi. Hakuninanga. Alinipa chai, akaniuliza, "Ile mbao ingine iko wapi?" Tukaanza upya.

Hapo ndipo nilipoelewa nilipokosea. Ubao unaposhuka hupindana kwa urefu, juu na chini, na sehemu inayobeba mzigo mkubwa ni katikati, kati ya miguu miwili. Mimi nikachagua palepale kutia kiungo. Dawa ni kuupasua kwa urefu, toka puani mpaka mkiani, ili kila nusu iwe kipande kizima kisichokatwa. Hapo mbao ndiyo inayobeba mzigo, na kiungo kina kazi ya kuzishika nusu mbili zisiachane. Tena nikasoma kwamba Wamarekani wenyewe walishapita njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Utah, jamaa aitwaye Brett Kobernik alipasua ubao wake kwa urefu, na kampuni ya Voilé ikaendeleza wazo hilo. Mtu anapanda mlima nusu mbili zikiwa kama skii, akifika juu anaziunganisha na kushuka kwa ubao mmoja. Yaani Poppen aliunganisha mbili zikawa moja, huyu akapasua moja ikawa mbili!

Wetu tuliupa bawaba katikati kwa urefu wote, na juu vipande vitatu vya mbao ngumu vya kukatiza, vilivyofungwa kwa bolti na nati za masikio, zile unazokaza kwa vidole. Ukifungua nati, unaukunja unakuwa mwembamba kama mwamvuli mrefu. Kwenye begi la shule hauingii tena, lakini kwenye basi unausimamisha katikati ya magoti. Hapo niliacha ahadi yangu kwa dogo, na niliiacha kwa furaha.

Safari hii hakuna mtoto aliyekanyaga. Kwanza tuliulaza juu ya viti viwili, ncha huku na ncha kule, mimi na Papa tukasimama katikati. Ukapinda, ukarudi. Kisha mimi mwenyewe nikateremka mara 40, nikipitia kwenye kile kibonde kwa makusudi. Aliyekuwa akihesabu ni dogo, na plasta yake, akiandika kwenye daftari. Nilianguka mara 13, ubao haukufunguka hata mara moja. Siku theluji ilipoganda uliteleza ovyo, maana hauna kingo za chuma za kung'ata barafu. Tukaandika hilo pia: siku ya barafu, marufuku.

Februari mwishoni plasta ilikuwa imetoka kitambo na daktari ameshamruhusu kucheza. Dogo akamwomba baba yake. Kaka alilichukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, pamoja na zile kuanguka 13. Jumapili akaja na sisi mteremkoni na viatu vyake vya kazi. Akaukagua ubao, akakaza nati moja moja, halafu akapanda yeye! Akateremka akiwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano, akapita kibondeni, akaangukia kalio kule chini. Watoto wa Kimarekani wakampigia makofi.

Alipanda mlima akihema, akanipa kamba mkononi. "Mpe mwanao," akasema.

Ubao nimeuacha kulekule, mimi nimerudi Dar. Siku hizi nikitunga kitu, hata iwe rafu ya kuwekea redio, huwa natafuta kwanza mzee wa kuniambia kitavunjikia wapi. Akisema, nakaa namsikiliza mpaka amalize.

Haya, msomaji wangu, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na wewe mwenye ujuaji mwingi, kabla hujampandisha mtoto wa mwenzio, panda kwanza mwenyewe. Alamsiki!