Jani la Nyama kwa Malewa ya Yahuma

Siku ukitembea kwetu Tshopo, usitafute restora yenye vitambaa mezani. Tafuta malewa: paa la majani, mabenchi mawili, moto, na mama mmoja mwenye kujua kazi yake. Kutoka Kisangani unashuka na mto Kongo, unapita Isangi, halafu unaingia msituni upande wa kushoto wa mto mpaka Yahuma. Ukifika, harufu ya moshi itakuonyesha njia.

Usiagize nyama ya ng'ombe. Msituni huku ng'ombe ni haba, kwa sababu mbung'o huwaletea ugonjwa. Utapewa mbuzi ao nguruwe, iliyochomwa polepole juu ya makaa, pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili kali. Ninyi wa Likasi na Kolwezi mmezoea bukari; sisi tunakula lituma, ni kusema ndizi zilizopikwa na kupondwa katika kinu. Unamshukuru Mungu, unamega, unachovya katika mchuzi wa mawese.

Ndivyo nilivyofanya siku moja, saa saba mchana. Kando yangu aliketi kijana aliyetoka kusukuma baiskeli yenye bidoni za mawese. Aliagiza kama mimi. Akaomba, akala lituma yote na mchuzi, lakini nyama hakuigusa. Akaitisha jani, akaifunga.

Nikamwuliza, "Ndugu, uko mgonjwa?"

Akacheka. "Hapana, Pasta. Hii nyama nikiikula peke yangu, haitapita kwa koo. Bibi na watoto wako na sombe tu."

Nikatazama sahani yangu: mifupa mitupu. Na Jumapili iliyopita ni mimi niliyehubiri juu ya 1 Timoteo mlango wa 5, kuhusu kutunza watu wa nyumba yetu!

Baba unayefanya kazi kwenye migodi, na wewe kijana uliyepokea mshahara wa kwanza, kula kwa malewa si zambi. Mama yule naye analisha watoto wake kwa moto ule. Lakini mbele ya kuagiza kipande cha pili, jiulize: nyumbani leo wamekula nini?

Mimi pia niliitisha jani. Pesa iliyobaki ilitosha kipande kimoja tu. Nyumbani tulikigawa mara sita, na hakuna aliyenungunika.