Sharubu Alipohamishwa

Kifua cha mwanangu kilipoanza kukoroma, akiwa na miaka mitatu, hakuna aliyemshuku Sharubu. Lamu paka hashukiwi. Wamejaa vichochoroni, na wetu alikuwa akipita mbele ya msala mama mkwe akiswali, wala yeye hashtuki.

Nililaumu vumbi, nikalaumu kaskazi, nikalaumu maji baridi. Mtoto akiamka macho yamevimba, usiku kifua kinapiga filimbi. Usiku mmoja mbavu zikawa zinadidimia kila akivuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali akavutishwa dawa ya mvuke, na alipopata nafuu tukavuka Mokowe, tukapanda basi la Mombasa kumwona daktari wa watoto. Alimdondoshea mkononi matone ya kupima mzio, kila tone na kitu chake, akachoma kidogo juu ya kila tone. Baada ya robo saa, penye tone la paka palikuwa pamefura kama pameumwa na mbu.

“Basi tumnyoe,” mama mkwe akasema, maana sote tuliamini ni unyoya. Kumbe si unyoya. Paka hujilamba, mate yakakauka juu ya manyoya na ngozi, yakapeperuka kama vumbi lisiloonekana. Ukimnyoa, mate yapo palepale.

Sharubu akahamishiwa kwa wifi yangu, Mkomani. Nililia, sioni haya kusema. Wiki mbili baadaye mtoto akabanwa tena.

“Paka wa watu mmemwonea,” mama mkwe akanambia, nami nusura niende kumrudisha. Nilimpigia daktari kwanza. Akaniuliza: mapazia umefua? Busati je? Akanieleza kuwa paka anaweza kuondoka, na masalia yake yakabaki nyumbani kwa miezi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Busati nililigawa. Godoro nikalivika plastiki, kuta nikazipangusa kwa kitambaa kibichi, na ufagio nikauweka kando, kwa kuwa hurusha vumbi. Nikawa napiga deki. Inhela zilikuwa mbili: ya bluu ya wakati wa kubanwa, na ya kinga ya kila siku, hata akiwa mzima, kisha asukutue. Hiyo ya kila siku ndiyo niliyokuwa nikiiruka, nikidhani namwepusha na dawa nyingi. Mtoto mdogo hawezi kuivuta kwa mdomo mtupu, kwa hiyo tulitoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, inhela ikachomekwa hapo, naye akavutia mdomoni mwa chupa. Aliiita tarumbeta.

Mwezi wa tano niliamshwa na adhana. Nililala kidogo nikisikiliza: kimya.

Siku hizi mtoto huwasalimia paka wa kichochoroni kwa mbali, mikono nyuma. Mama mkwe kila Ijumaa humpelekea Sharubu vichwa vya samaki Mkomani. Akirudi, hulivua buibui ukumbini kabla sijafungua mdomo, akalitia kwenye beseni la maji, akinung'unika.