Bruda ni Nani?

Msomaji, labda umepata kumsikia mtu akisema kwamba bruda ni mtu aliyeshindwa kuwa padre. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi hapa Runyenjes tangu mdogo wangu alipojiunga na shirika la mabruda, na baba yetu huyasikia kila aendapo sokoni. Huniuliza, "Mwalimu, mwanangu hatakuwa na mke wala watoto, na misa hatasoma. Je, amepata nini?" Swali hilo ni la haki, nalo halistahili jibu la haraka. Basi na tulitafute jibu katika neno lenyewe.

Warumi wa kale, waliosema Kilatini, walimwita ndugu wa kiume *frater*. Neno hilo, na lile la Kiingereza lililotupa "bruda," yametoka katika shina moja. Hata kabla ya Ukristo lilikuwa na kazi katika ibada. Huko Roma palikuwa na makuhani 12 walioitwa *Fratres Arvales*, yaani Ndugu wa Mashamba, ambao walimtolea sadaka mungu wa kike Dea Dia ili mazao yastawi. Hao hawakuzaliwa tumbo moja. Utumishi wao ndio uliowafanya ndugu.

Wakristo nao waliitana ndugu tangu mwanzo. Kisha Francis wa Assisi, aliyeanzisha shirika lake mwaka 1209, akawaita wafuasi wake *Fratres Minores*, Ndugu Wadogo, kwa kuwa hakutaka hata mmoja wao ajikweze. Yeye mwenyewe hakupata kuwa padre mpaka alipokufa mwaka 1226. Na huko Ufaransa, mwaka 1680, Jean-Baptiste de La Salle alianzisha shirika la mabruda walimu. Kwa kanuni yao hawakufanywa mapadre, ili wasiondolewe darasani. Je, hao walishindwa? La, walichagua.

Hata hapa kwetu Kenya habari ni hiyo hiyo. Wamisionari wa kwanza wa Consolata waliofika mwaka 1902 walikuwa wanne: mapadre Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda. Nusu yao, basi, walikuwa mabruda. Leo jina la Consolata liko katika hospitali ya Kyeni, jirani yetu, lakini ni wachache wawakumbukao Lusso na Falda.

Ajabu ni kwamba neno lililokusudiwa kufuta vyeo limefanywa cheo. Nchini Tanzania mwanafunzi wa upadre huitwa frateri, na watu huwapanga frateri, bruda na padre kama vidato vya ngazi. Kiswahili kina hekima zaidi, kwani neno "ndugu" halibagui mwanamume na mwanamke, wala mkubwa na mdogo.

Nilimwambia baba, "Mwanao amepata ndugu wengi." Akanijibu, "Nami nyumbani nimepungukiwa na mmoja." Hakukosea. Undugu wa namna hii una gharama yake, na walio nyumbani huilipa pamoja na aliyekwenda. Kwa hiyo, msomaji, ukutanapo na bruda, usimwulize mbona hakufika juu. Mwulize amekuwa ndugu wa nani, kisha uwakumbuke wazazi waliomtoa.