Huruma ya Kila Siku: Somo la Kibubu

Wapendwa wangu, hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa ambao muda huu mnahangaika na mafundi. Mimi ni fundi mwenzenu, nina kiduka changu cha kushona nguo za harusi huku Mbagala, Temeke. Leo tuiache shela kidogo, tuongee habari ya huruma.

Sisi watu wa Dar tuna huruma sana jambo likitokea. Akifa mtu, siku tatu za matanga chakula hakikosekani. Yalipokuja mafuriko ya Desemba 2011, yakawatoa watu Bonde la Msimbazi na wengine wakahamishiwa Mabwepande kule Kinondoni, watu walitoa nguo, unga na magodoro. Alhamdulillah, hilo ni jema. Lakini njaa haina matukio, inakuja kila siku.

Nina jirani alikuwa akiuza vitumbua kituo cha daladala. Mumewe alipofariki akakaa eda, na biashara ikasimama. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu. Wiki ya tano binti yake akaja dukani kwangu kuomba chumvi. Nilipomtazama yule mtoto nikajua shida haikuwa chumvi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na sisi tulikuwa tumemhudumia siku tatu.

Nikaanza kujiuliza, huruma inayodumu inafanywaje na watu wenye kipato kama chetu? Mfano ulionigusa zaidi unatoka mbali, kwa watu wa dini nyingine kabisa.

Mwaka 1966, katika mji wa Hualien huko Taiwan, mtawa wa Kibudha anayeitwa Cheng Yen alitaka kuwasaidia maskini na hakuwa na fedha. Alianza na akina mama wa nyumbani 30. Kila mmoja alipewa kibubu cha mwanzi, atie humo senti 50 za kwao kila siku kabla ya kwenda sokoni. Wengine walitaka watoe mara moja kwa mwezi ili kupunguza usumbufu. Yeye akataka iwe kila siku, ili kila siku moyo umkumbuke mwenye shida. Na yeye na watawa wenzake walishona viatu vya watoto wachanga, kila mmoja jozi moja ya ziada kwa siku, vikauzwa kwa ajili ya kazi hiyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1986, shirika lao la Tzu Chi lilifungua hospitali katika mji ule ule.

Kazi hiyo imefika hadi Afrika. Durban, Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, wafanyabiashara wa Taiwan waliokuwa na viwanda huko walikusanya vyerehani na mabaki ya vitambaa, wakawafundisha wanawake wa Kizulu kushona. Wanawake wale walipopata chochote, wao wenyewe wakaanza kuwatembelea majirani wagonjwa na kuwalisha yatima. Mimi kama fundi, habari hiyo ilinisisimua.

Najua kuna dada atauliza, "Bibi, sisi Waislamu tujifunze kwa Wabudha?" Dada yangu, hatuchukui ibada yao. Hapa Dar wapo, hekalu lao liko Upanga, lilianzishwa na watu wa Sri Lanka zamani, nao wana dini yao na sisi tuna yetu. Hata Cheng Yen mwenyewe inaelezwa aliamshwa na masista watatu wa Kikatoliki, waliomuuliza Wabudha wanaifanyia nini jamii. Hakuhama dini yake, aliinuka akafanya kazi.

Na ukitazama vizuri, kibubu kile kinatukumbusha jambo letu wenyewe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Ametuonya pia juu ya mtu anayelala ameshiba huku jirani yake ana njaa. Wenzetu wamelifanya kwa mpangilio jambo ambalo sisi tunalijua tangu madrasa.

Basi tulikaa wanawake wanane wa mtaa, tukakubaliana shilingi 500 kila mtu, kila siku, kwenye kibubu. Hiyo ni 4,000 kwa siku, kwa mwezi 120,000. Jirani yetu alimaliza eda yake akila, na binti hakuacha shule. Siku alipotoka eda, kibubu kilimnunulia unga wa mchele, nazi na mafuta, akarudi kituoni. Sasa naye anatia 500 yake.

Dukani nako situpi tena vipande vya pamba. Kila jioni, kabla sijafunika cherehani, nashona kofia moja ya mtoto mchanga. Inachukua dakika chache tu, na mama anayejifungua bila maandalizi anaipokea kama zawadi kubwa.

Na wewe bibi harusi, kwenye kichen pati utapewa doti nyingi za kanga kuliko utakazovaa. Toa doti mbili kwa mjane wa mtaa wenu. Chakula kikibaki, apangwe mtu mapema wa kukipeleka kwa wasiojiweza kabla hakijachacha. Ukishaingia kwako, nunua kibubu pamoja na vyombo vya jikoni. Mwambie mumeo kwa upole kuwa hiki ni cha jirani, mtie wote wawili, japo shilingi 200. Ndoa inayoanza kwa kumkumbuka mwingine ina baraka yake.

Msitoe kwa kujionyesha, wala msimpige picha mnayemsaidia. Heshima yake ni sehemu ya sadaka.

Allah atufanyie wepesi, atupe mikono inayotoa na mioyo isiyochoka. Amin.